Mmeachana, mtoto yupo kwa mama: siku za kumuona na hela za matunzo, mpatane wenyewe au uende mahakamani?

Kupatana wenyewe ni rahisi na haraka, hamna wakili wa kulipa, na mtoto akiumwa ghafla mnabadilisha siku kwa simu tu. Shida inaanza mkikosana, maana leo unaambiwa njoo Jumamosi, ukifika mlango umefungwa, na zile hela ulizokuwa unampa mkononi huna hata risiti moja, sasa utathibitishaje? Kwa hiyo hata mkipatana andikeni na msaini, na hela tuma kwa benki au simu ibaki rekodi.

Amri ya mahakama inachelewa na inachosha, ila ina meno. Siku za kumuona mtoto zinaandikwa, kiasi cha matunzo kinaandikwa, na kipato kikishuka unaomba kipunguzwe, sio unakata mwenyewe kimyakimya (wengi wanaumia hapo).

Halafu kunyimwa mtoto sio tiketi ya kuacha kutoa matunzo, kwa kawaida sheria inavitenganisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 9, unasema kuonana na wazazi wote wawili ni haki ya mtoto, labda iwe inamdhuru.

Mi kama mnaongea vizuri ningeanza na maandishi, mkigombana kila wiki nenda mahakamani mapema.