Boti ya faiba imetoboka: ununue resini ipi?

Mbao zikivuja, fundi wa kalafati hakosekani dikoni. Faiba ikipasuliwa na mwamba ndipo watu wanakimbilia duka la rangi kutafuta resini, ule utomvu wa kemikali unaogandisha nyuzi za faiba, na swali moja tu: bei gani? Siku hizi boti za faiba zimeenea pwani nzima, za watalii na hata zile walizogawiwa wavuvi na wakulima wa mwani Zanzibar kwenye mpango wa uchumi wa buluu, kwa hiyo swali hilo linaulizwa sana. Mimi ningeanza na jingine: tundu liko juu ya mstari wa maji au chini yake?

Nafasi ya kwanza: epoksi. Kama liko chini, usibabaike, nunua epoksi. Boti nyingi zimeundwa kwa resini ya poliesta iliyokwisha kauka zamani, kwa hiyo kiraka hakitayeyukiana na ubavu wa zamani. Kitashika kwa nguvu ya gundi tu. Kwa kushika, epoksi haina mpinzani. Haisinyai sana na maji huipenya kwa shida. Ni ghali, ndiyo, lakini kiraka hakili resini nyingi.

Ubaya wake ni kwamba haina masihara na vipimo. Kopo likisema 5 kwa 1, au 2 kwa 1, ni hivyo hivyo. Ukiongeza hadina, yaani dawa ya kuikausha, ili ikauke haraka, utapata kiraka laini kisichokauka vizuri milele. Ukiwa dukani ulizia hadina ya polepole, kwa sababu kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi ile ya haraka huchemka koponi kabla hujamaliza kupaka. Nunua na rangi ya kufunika, maana jua linaila epoksi. Jelikoti ya kawaida, lile tabaka la nje linalong'aa la boti, usiinunue: juu ya epoksi mara nyingi inakataa kukauka.

Hapa kuna mtego ambao wauzaji wengi hawausemi. Mati za faiba kwa kawaida zimeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na kemikali iitwayo stairini, na stairini imo ndani ya poliesta, haimo kwenye epoksi. Ukizilowesha kwa epoksi zinabaki kakamavu, hazilali kwenye kona, na mapovu meupe yanajificha chini. Epoksi inataka kitambaa cha kufumwa. Kuvitofautisha ni rahisi: vuta ukingo. Mati hunyofoka vinyuzi vifupi vilivyotawanyika ovyo. Kitambaa kina mfumo wa kupishana kama gunia.

Ya pili: vinilesta. Hushika kuliko poliesta, huvumilia maji, na inakubali jelikoti. Ingekuwa rahisi kupatikana ningeisifu zaidi. Tatizo jingine ni umri: huharibika ndani ya miezi michache, hasa ikikaa kwenye stoo ya bati. Soma tarehe kabla ya kulipa.

Ya tatu: poliesta. Si mbaya, imewekwa tu mahali pasipo pake. Kwa sitaha, viti na ubavu wa juu inatosha, na mafundi wanaijua vizuri. Hadina yake ni gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya resini, basi nunua mzani mdogo wa jikoni badala ya kukisia kwa kifuniko cha chupa. Nunua na miwani: hadina hiyo ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Ulizia resini iliyokwisha tiwa kobalti (kichocheo cha kukausha), kwani kobalti na hadina zikikutana zenyewe hulipuka.

Kuhusu kiasi, watu hununua kwa ukubwa wa tundu, wakaishiwa katikati ya kazi. Kingo lazima zichongwe kwa mteremko wa mara 12 ya unene. Ubavu wa milimita 6 unataka sentimita 7 hivi kila upande, kwa hiyo tundu la sentimita 10 linakuwa kiraka cha 24. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa kama milimita 1 na hunywa resini mara mbili ya uzito wake, pengine zaidi.

Ya nne: puti ya epoksi ya vijiti. Unaikanda mkononi na kuziba. Nyingine hushika hata ndani ya maji. Weka kijiti kimoja botini cha kukurudisha pwani. Ukifika, kibandue utengeneze.

Iache dukani: puti ya magari. Ina unga unaonywa maji, itavimba na kubanduka. Silikoni nayo usiiguse. Huacha utelezi unaokataza resini kushika.

Ongeza asetoni, msasa namba 80 na barakoa ya vumbi. Kabla ya kufungua kopo lolote, osha ubavu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha ukauke, kisha bandika kipande cha nailoni angavu usiku kucha. Kikiwa na jasho asubuhi, subiri.