Karatasi ya pH au kipima pH: kipi kwa maji ya mvua, mto na ziwa?

Kwa maji ya Ziwa Magadi au Natron, karatasi ya pH (kipimo cha asidi na besi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi) inatosha kabisa. Chovya kipande kwa sekunde moja, kung'uta, linganisha na chati ndani ya nusu dakika. Buluu iliyokolea inaonyesha wazi kwamba maji ni besi, na darasa zima limeona. Haihitaji betri.

Mvua ndiyo inayoiumbua karatasi. Maji safi ya mvua yana pH ya karibu 5.6, kwa sababu ya kabonidayoksaidi ya hewani, na chumvi zake ni chache mno hata rangi ya karatasi yenyewe yaweza kuyumbisha jibu. Maji ya mto yenye tope huipaka kahawia. Yaache yatuame kwanza.

Hapo kipima pH kinashinda, maana kinatofautisha 5.6 na 5.9. Lakini kinadai malezi. Kirekebishe siku hiyo hiyo kwa bafa, yaani miyeyusho yenye pH inayojulikana, za pH 7 na 4 (kwa maji ya magadi, 7 na 10), suuza ncha kwa maji yaliyokenekwa, kausha kwa tishu bila kusugua. Kwenye maji ya mvua namba huchelewa kutulia. Subiri dakika mbili tatu. Kinachoua vipima vingi ni kuacha ncha ikauke, au kuilaza kwenye maji yaliyokenekwa, ambayo hunyonya chumvi zake. Itunze kwenye myeyusho wa potasiamu kloraidi.

Kwa vyote viwili, jaza chupa hadi mdomoni na upime mapema. Bajeti ikibana, nunua karatasi kwa kila kundi na kipima kimoja cha kuhakiki.