Taulo ya kuoga kwa maji ya Goma: ipi ununue, na uifue vipi

Simama asubuhi karibu na meza za taulo katika soko la Virunga uwaangalie wanunuzi. Karibu kila mmoja ananyoosha mkono mkavu, anaipapasa taulo mpya, uso unachangamka, ndipo anauliza bei. Mimi nimenunua hivyo kwa miaka mingi. Siku ya kwanza serivieti, yaani taulo, ni laini kama manyoya ya kifaranga; ikishafuliwa mara tatu, nne, imekuwa kitu kingine. Nilichokuwa nakipapasa pale mezani haikuwa pamba. Ilikuwa dawa ya kulainisha, mara nyingi ya silikoni, ambayo viwanda hutia ili taulo ipendeze mkononi. Dawa hiyo ikishatoka kwa maji ndipo unaijua taulo uliyoilipia.

Kwa hiyo anza na ngozi yako mwenyewe. Wako wanaotaka taulo nyororo isiyosikika mwilini, hasa kwa watoto wadogo na wenye ngozi nyepesi kuwasha. Wako pia wanaotaka taulo inayokwaruza, inayoamsha damu ukitoka kuoga maji ya baridi alfajiri, na hapa Goma, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi hiyo tunaijua. Mimi niko upande wa wanaopenda kukwaruzwa, lakini nyumbani kwangu wengine hawapendi, na wote wana haki. Yote mawili yanapatikana. Yanatokana na ufumaji, uzito, na maji ya kufulia, na katika mji huu hayo maji yana nguvu kuliko bei.

Kuhusu ufumaji, tazama vile vitanzi vidogo vya uzi vilivyosimama pande zote mbili za taulo. Ndivyo vinavyokunywa maji. Ufundi huo ulitoka Uturuki, kwenye mji wa Bursa. Mwingereza Henry Christy aliuona huko, na mwaka 1851 taulo zilizofumwa kwa mashine zikaonyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London. Tangu hapo kanuni haijabadilika. Vitanzi virefu vya uzi uliosokotwa kidogo ni laini na hunywa maji mengi, ila huchoka upesi. Vitanzi vifupi vya uzi uliosokotwa sana hukwaruza kidogo na hudumu. Ipindue taulo na uitanue kwa vidole: ukiona mwanga mwingi kati ya vitanzi, vitanzi ni vichache na taulo itakuwa tambara mapema.

Uzito hupimwa kwa gramu katika kila mita moja ya mraba. Kati ya 300 na 400 ni nyepesi, 400 hadi 600 ni ya kati, kuanzia 600 ni nzito. Lebo nyingi hazisemi, lakini kuna njia rahisi sana. Taulo ya kawaida ya kuoga ina sentimita 70 kwa 140, yaani karibu kabisa mita moja ya mraba. Ukiiweka kwenye mizani ya muuza nyama au muuza unga wa jirani na ikaonyesha gramu 450, basi hiyo ndiyo namba uliyokuwa ukiitafuta. Wenye mizani hawakatai ukiomba kwa heshima. Ikiwa taulo ni ndogo au kubwa kuliko hapo, piga hesabu ya eneo kwanza.

Halafu maji. Mwambie muuzaji, "Mama, naomba nidondoshe tone moja hapa pembeni." Tone likizama mara moja, pamba iko wazi. Likikaa juu kama umande kwenye jani la muhogo, kuna dawa nyingi au kuna poliesta. Ili kutenganisha hayo mawili, omba uzi mmoja wa pindo na uuchome mbali na bidhaa: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Lebo ya "100% coton" nimeikuta kwenye taulo zilizoacha punje.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ile ningeinunua kwanza.

Ya kwanza ni taulo nyeupe ya hoteli kutoka kwenye balo la kaguwa, yaani mitumba. Najua wengine watashangaa kwa nini kitu kilichotumika kimeshinda kipya. Sababu ni ileile niliyoanza nayo: taulo hii imekwisha kufuliwa mara nyingi, dawa ya kiwandani ilitoka zamani, kwa hiyo unachogusa mezani ndicho utakachokuwa nacho nyumbani. Hoteli hununua taulo za kustahimili kufuliwa kila siku, zenye mapindo yaliyoshonwa mara mbili na uzito wa kati, na kwa kuwa ni nyeupe unaweza kuzichemsha bila kuogopa rangi. Mguso wake ni wa kukwaruza kidogo, mkavu, na hunywa maji kuliko mpya nyingi. Ubaya wake ni kwamba lazima uwepo balo linapofunguliwa, na wa kwanza kuchagua hulipa zaidi. Angalia katikati ya taulo, hapo ndipo huchakaa kabla ya pembeni. Iinue juani, ukiona kama chujio iache. Angalia pia pindo refu, likianza kufumuka litaendelea. Na kabla haijagusa mwili wa mtu yeyote, ichemshe au iloweke kwenye maji ya moto sana na sabuni, kisha ikauke juani kabisa. Hilo si la kujadiliwa. Upele hupita kwenye taulo, na mpox pia, ambayo mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya kimataifa huku Kivu yetu ikiwa katikati yake.

Ya pili ni taulo mpya ya pamba, gramu 400 hadi 500, vitanzi vilivyobanana. Hii ndiyo nampa anayetaka ulaini bila matatizo, na ndiyo ya kumpa bibi harusi au mgeni. Ukiona imeandikwa "coton peigné", maana yake nyuzi fupi zilichanwa zikatolewa kabla ya kusokota. Taulo hiyo haitoi manyoya mengi na hukaa laini zaidi. Kwenye maduka ya barabara ya Kanyamuhanga utaipata imefungwa kwenye plastiki. Birere utaipata imekunjwa kwenye rundo, na huko una nafasi ya kuipapasa, kuipima na kubishana bei. Mimi naenda Birere.

Ya tatu ni zile zenye vishimo kama sega la nyuki. Ni nyembamba, hazina vitanzi, na watu huzipita wakidhani ni vitambaa vya meza. Kwa mpenda kukwaruzwa ni hazina: husugua vizuri, hukauka upesi, hula maji kidogo wakati wa kufua. Kwa mwanafunzi anayepanga chumba kimoja Ndosho au Katindo, na kamba yake ya kuanikia ni ya mita mbili tu chini ya bati, ningeiweka ya kwanza. Hupungua ukubwa zikifuliwa, basi nunua iliyo kubwa kidogo.

Ya nne ni ile nzito, gramu 600 na zaidi, ambayo wengi huiona ndiyo ya heshima. Sina ugomvi na ulaini wake. Ugomvi wangu ni maji. Taulo nzito hushika maji mengi, na anayeyabeba maji hayo ni mtoto mwenye bidoni la lita 20 au mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, unayemlipa. Kuisuuza vizuri kunataka beseni baada ya beseni. Kisha ianike mwezi wa Novemba au Aprili, mvua ikinyesha kila mchana: jioni bado ni mbichi, kesho imeanza kunuka, na harufu hiyo haitoki kirahisi. Mwenye mashine ya kufua na umeme wa uhakika ainunue. Mwingine aisubiri kiangazi, Juni hadi Agosti.

Ya tano ni ile yenye uso kama velveti. Upande mmoja vitanzi vimekatwa, ndiyo maana inang'aa na picha za simba au maua zinaonekana vizuri. Kitanzi kilichokatwa hakinywi maji kama kizima. Unajifuta na maji yanahama tu kutoka bega kwenda mgongoni. Ukiipenda kwa sura yake, jifutie upande wa nyuma.

Ya mwisho ni ya poliesta, ile inayoitwa mikrofaiba. Inakauka haraka kweli na ni nyepesi kwa safari ya boti ya Bukavu. Lakini hunata kwenye ngozi kavu, na harufu ya jasho huishika. Kwa nywele sawa, kwa mwili hapana. Kitenge kilichozeeka kinaishinda, nasema kitenge kilichozeeka kwa sababu kitenge kipya cha wax nacho kimejaa dawa na hakishiki maji.

Tufike kwenye kufua, maana hapa ndipo taulo nzuri huharibikia.

Maji tunayotumia hutoka Ziwa Kivu, na ziwa hili lina magnesiamu nyingi iliyotokana na miamba ya volkano. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesiamu haitoi povu jema. Inageuka utando mweupe wenye kunata, ule unaouona umeganda pembeni mwa beseni. Utando huohuo hujificha ndani ya vitanzi. Kila ukifua unaongezeka, taulo inakuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, nasi tunadhani sabuni haikutosha, tunaongeza. Mama aliyekuwa akinisaidia kufua alikuwa akimaliza nusu ya kipande kwenye taulo mbili, kwa nia njema kabisa, na taulo zikawa zinakwaruza mpaka watoto wakalia. Dawa ilikuwa kupunguza sabuni.

Tumia sabuni ya unga kwa taulo, kiasi kidogo, kwa kuwa haigandi kwenye maji magumu kama kipande. Zisuuze mpaka maji yasiteleze vidoleni. Na kama una bati na pipa, weka maji ya mvua kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Maji ya mvua hayana madini hayo, utaliona povu lenyewe linavyoumuka. Moshi wa volkano ya Nyiragongo huchafua mvua kwa asidi na floridi, kwa hiyo si maji ya kunywa, lakini kwa kusuuza ni mazuri. Asiye na pipa atie nusu glasi ya siki nyeupe kwenye lita 10 za maji ya mwisho. Siki huyeyusha ule utando, na harufu yake huondoka taulo ikikauka. Taulo ya zamani iliyokuwa ngumu iloweke humo saa nzima, kisha ifue kwa maji ya moto bila sabuni. Povu litakalotoka ni sabuni ya miezi iliyopita. Siki isikutane kamwe na javel, ile dawa ya kung'arishia nguo: hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Javel yenyewe iwe kwa nyeupe tu, mara chache, maana hula pamba.

Vile vimiminika vya kulainisha nguo vyenye harufu ya maua, viache kwa mashati. Vinapaka nyuzi mafuta na taulo inaacha kunywa maji, yaani unairudisha ilivyokuwa mezani kwa muuzaji.

Kwa kuanika, mguso unaamuliwa na mwendo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na kampuni ya Kao ya Japani walionyesha mwaka 2020 kwamba pamba iliyokauka bado ina maji kidogo sana yaliyoshikamana na nyuzi, na maji hayo yanaziunganisha kama gundi. Ndiyo maana taulo iliyokauka ikining'inia kimya hukakamaa, na ile iliyopigwa na upepo wa ziwa hubaki laini. Anayetaka ulaini aikung'ute kwa nguvu kabla ya kuianika, mara kumi hivi, kisha tena ikiwa karibu kukauka, na aifikiche mikononi ikishakauka. Anayependa kukwaruzwa kama mimi aianike juani mahali pasipo upepo na aiache. Pasi usiipitishe, inalaza vitanzi.

Kitu kimoja nawaomba wote: msianike taulo juu ya mawe ya volkano. Najua tumekua tukiona nguo zimetandazwa juu yake, na mawe meusi hushika joto vizuri. Lakini yana meno madogo yanayonasa vitanzi, na vumbi lake jeusi huingia ndani na kukata nyuzi kidogokidogo. Kamba inatosha. Kitanzi kikivutika usikivute tena; kikate kwa mkasi usawa na vingine, taulo haitafumuka.

Kwa idadi, nunua mbili kwa kila mtu, zenye rangi au alama tofauti ili mtu asichukue ya mwenzake. Moja ikiwa kwenye kamba, nyingine iko kwenye msumari wake, na ifuliwe baada ya kuoga mara tatu au nne. Kama fedha zinatosha mbili nzito au nne za kati, chukua nne.