African Storybook: Ngano za Watu Wengi kwa Kiswahili Kimoja

Mzazi au mwalimu anayetaka kuwasimulia watoto ngano za mataifa mbalimbali kwa Kiswahili hukumbana mapema na uhaba. Visa vya Sungura na Fisi vipo tele, lakini buibui Anansi wa Waakani wa Ghana, au ngano za Uganda na Afrika Kusini, ni nadra kupatikana katika lugha ambayo mtoto wa Tanga au wa Machakos ataielewa bila mtu kumfasiria. Katika huduma ninazozijua, hakuna iliyoliziba pengo hili vizuri kama maktaba ya mtandaoni ya African Storybook.

Maktaba hii ilianzishwa mwaka 2014 na Saide, shirika la elimu lenye makao yake Johannesburg, na majaribio yake ya awali yalifanyika katika shule na maktaba za jamii nchini Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Leo ina hadithi katika lugha zaidi ya 200 za Afrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Kuzisoma ni bure, na zimetolewa kwa leseni huria, yaani mtu anaruhusiwa kuzinakili, kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuzirekebisha, mradi awataje waliozitunga na kuzichora. Kwa mwalimu mwenye darasa la watoto sitini na kitabu kimoja, ruhusa hiyo ina uzito kuliko sifa nyingine zote za maktaba hii: anaweza kupakua hadithi, akaitolea nakala steshenari na kuwagawia watoto bila kumwandikia mtu barua ya kuomba kibali.

Thamani yake huonekana zaidi katika ngano zenyewe. Katika "Kuku na Tai", ndege wote hapo awali hawakuweza kuruka. Njaa ilipoingia na Tai akachoka kutembea mbali kutafuta chakula, Kuku ndiye aliyebuni wazo la kukusanya manyoya yaliyoanguka na kuyashona yawe mabawa. Sindano ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Tai. Kuku aliiazima, akachoka kushona, akaiweka kabatini na kwenda jikoni kuwapikia wanawe. Ndege wengine nao wakaiazima, na waliporudisha, vifaranga wakaichezea na kuiacha mchangani. Hadi leo Kuku anachakura ardhi akiitafuta, na Tai anashuka kuchukua kifaranga kama malipo. Watoto wengi wa Afrika Mashariki wamekwisha kuisikia ngano ya namna hii, pengine kwa mwewe na wembe badala ya tai na sindano, na ndiyo sababu ningependekeza ianze yenyewe: mtoto anayegundua kwamba majirani nao wanayo hadithi yake, ila wameibadilisha kidogo, huuliza maswali mengi kuliko yule anayepewa hadithi ngeni kabisa.

Baada ya hapo yafaa afuatie Anansi. Amepewa chungu chenye hekima yote, naye kwa uchoyo anataka kukificha juu ya mti mrefu. Anakifunga tumboni, kinamgonga magoti kila anapopanda, mpaka mwanawe mdogo aliye chini anamuuliza kama haingekuwa rahisi kukifunga mgongoni. Hapo mzazi asiharakishe kufungua ukurasa unaofuata. Amwache mtoto atambue mwenyewe kwamba hekima haikuwa yote chunguni, kisha ndipo amsomee jinsi Anansi alivyokasirika na kukitupa chungu kikavunjika. Ramani ikiwa karibu, mtoto aoneshwe Ghana, halafu Jamaika, ambako Anansi alifika pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani, na anasimuliwa huko mpaka leo.

Hata hivyo, msomaji asitarajie utamu wote wa masimulizi ya jioni. Hadithi zimepangwa kwa ngazi tano za usomaji, kuanzia maneno ya kwanza hadi zile za kusomewa kwa sauti, na katika ngazi za chini maandishi ni mafupi mno kubeba nyimbo, viitikio na takriri zinazoipa ngano uhai wake. Kazi hiyo inabaki kwa msimulizi. Aanze na "Paukwa!", asubiri "Pakawa!", amtungie Kuku wimbo wa kutafuta sindano, na watoto waupokee. Kwa maoni yangu, anayesoma maneno ya ukurasani peke yake anawapa watoto nusu ya ngano.

Kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuandika au kutafsiri humo, ubora haulingani. Zipo hadithi zenye alama ya kuidhinishwa na wahariri wa mradi, nazo ndizo za kuanzia. Nyingine zisomwe na mtu mzima kwanza. Pia asili ya ngano haitajwi kwa namna moja: ile ya Anansi imeandikwa wazi kuwa ni ngano ya Ghana, ilhali nyingine zina jina la mwandishi tu. Jambo hili lingestahili kurekebishwa, kwa sababu watoto wana haki ya kujua hadithi wanayoifurahia inatoka kwa watu gani.

Familia za Waswahili walioko ng'ambo zitafaidika zaidi na Global Storybooks, mradi wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, uliochukua hadithi 40 kutoka maktaba hii na kuziweka katika lugha nyingi, maandishi pamoja na sauti, ili mtoto aweze kuisoma hadithi ileile kwa lugha ya shuleni na ya nyumbani. Anayetafuta ngano za Asia aende StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015 kwa utaratibu kama huu wa leseni huria. Huko Kiswahili kipo, ingawa sehemu kubwa ya hadithi ziko katika lugha za India na Kiingereza.