Kamera ya kuanzia au ya kiprofesheno? Mpangilio wangu kwa anayetaka kupiga picha Mtwara na Lindi

Kila minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba hivi, vijana wengi huku kwetu wanawaza kamera, na wana haki ya kuwaza, maana hela ya korosho ikishatua Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Nachingwea ndo harusi zinaanza kupangiana foleni, sendofu, kichen pati, mahafali, siku ya mwali kutoka, kila mtu anatafuta mpiga picha na wapiga picha wenyewe hawatoshi. Swali linalofuata ni lilelile, nichukue ile ndogo mpya ya kuanzia iliyo ndani ya boksi lake, au nijibane nipate ya kiprofesheno? Nazungumzia hizi za mirolesi, zile ambazo ndani hazina kioo kama DSLR za zamani, maana kwa mtu anayenunua leo hakuna sababu ya kuanza na nyingine labda kama amepewa bure.

Watu wengi wanalijibu hilo swali kwa megapikseli na ndo maana wanaishia pabaya. Angalieni Canon. R6 Mark II ilitoka mwishoni mwa 2022, R8 ikafuata mwanzoni mwa 2023, na senza, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ileile, fuli fremu (saizi kubwa ya senza) ya megapikseli 24.2. Bei ya Marekani zilipotoka, bodi tupu bila lenzi, R6 Mark II ilikuwa dola 2,499 na R8 dola 1,499. Sasa dola elfu nzima imeenda wapi kama picha ni ileile? Imeenda kwenye matundu mawili ya kadi badala ya moja, betri kubwa, stebilaiza ndani ya bodi (inayotuliza mtikisiko wa mkono), shata kamili ya kimekanika (pazia linalofunguka na kufunga mbele ya senza) na bodi iliyozibwa vizuri zaidi dhidi ya vumbi na maji. Hapo ndo uprofesheno ulipo. Kwahiyo ukae ujiulize, hivyo vitu kwa kazi yangu navihitaji au sivihitaji?

Kwa anayeshuti harusi anavihitaji, tena sana. Siku mwali anatoka, amebebwa mabegani, kafunikwa kanga mpya, shangazi zake wanasukumana mbele kumtuza, noti zinabandikwa, ngoma imepamba moto, hiyo picha ni ya sekunde chache na hakuna wa kuirudia. Kadi ikifa hapo na kamera yako ina tundu moja, umemaliza, utawaambia nini wale watu? Kamera ya matundu mawili unaiseti iandike picha kote kote kwa mpigo, kadi moja ikizingua nyingine inayo. Mi naamini kabisa kwamba mtu anayechukua advansi ya harusi ya watu hatakiwi kutegemea kadi moja kama ana namna ya kuepuka. (Na mambo ya ndani ya unyago yabaki ndani, kamera yako inaanza kazi pale somo anapokuruhusu, siyo kabla.)

Betri nayo msiichukulie poa. Ukienda kupiga kazi kijijini kuanzia asubuhi mpaka ngoma ya usiku huna uhakika wa kuchaji, umeme unaweza kukatika au soketi pekee imeshachukuliwa na DJ. Kwa vipimo vya kiwanda Sony a7 III inatoa picha 710 kwa chaji moja ukitumia skrini, a6400 picha 410, wakati Canon R8 haifiki hata 300. Ukichanganya na video hizo namba zinashuka mno, kwahiyo mwenye R8 anabeba betri nne na bado macho yake yako kwenye asilimia.

Giza sasa, hapa nikae kidogo, maana ndo panapouzia watu fuli fremu. Ni kweli senza ya fuli fremu ni kubwa, eneo lake ni kama mara mbili na nusu ya hizi za APS-C, zile senza ndogo za kamera nyingi za kuanzia, na ukumbini au kwenye ngoma yenye taa moja utaona tofauti. Lakini lenzi ina nguvu kuliko senza. Namba ya f ni tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa: lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi inayoishia f/5.6, na hizi lenzi za kit zinazokuja na boksi mara nyingi ukishazoom zinaishia hapohapo au pabaya zaidi. Maana yake kamera ya kuanzia yenye lenzi nzuri inaipiga gizani fuli fremu yenye lenzi ya kit. Nimewaona watu wamekamua hela yote kwenye bodi, halafu lenzi wamebaki na ya kwenye boksi, picha za usiku zote ni chenga tupu na wanailaumu kamera.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja naiweka Sony a7 III iliyotumika. Ni kamera ya 2018, kwa hiyo si mpya kwa lolote, lakini ina kadi mbili, betri kubwa, stebilaiza, fuli fremu ya 24.2, na otofokasi ya macho (kamera yenyewe inalitafuta jicho na kulifokasi) inayofanya kazi vizuri. Ilipotoka ilikuwa karibu dola 2,000, leo ya mtumba unaipata kwa hela iliyo karibu na ya kamera ndogo mpya, na hapo ndo utamu ulipo. Kingine ni lenzi, Sony waliwafungulia mlango mapema watengenezaji wengine wa lenzi, Tamron na Sigma, kwahiyo Tamron 28-75 f/2.8 moja tu inakubebea harusi nzima kuanzia maandalizi mpaka keki. Ubaya wake usifichwe: video inakata ikifika dakika 29, hotuba ya mzee ikiwa ndefu uwe macho kubonyeza tena, na skrini yake haigeuki kukuangalia. Mwenye hela zaidi aende a7 IV iliyotangazwa 2021, megapikseli 33, skrini inageuka pande zote, betri ileile, na unaweza kuiseti shata ifunge ukizima kamera, kitu kizuri sana kwa vumbi lile jekundu la Newala, maana mirolesi ukitoa lenzi senza iko wazi inakutazama.

Namba mbili ni Canon R6 Mark II. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza, otofokasi yake ni ya hatari, video ya 4K ya fremu 60 inatumia upana wote wa senza, nayo pia shata unaiseti ifunge ukizima. Nimeishusha kwa sababu ya hela tu, bodi na lenzi zake za RF (lenzi za Canon za mirolesi) kwa pamoja zinaumiza, na kwa upande wa fuli fremu Canon wamewabana watengenezaji wengine wasitoe lenzi za otofokasi kwa wingi kama ilivyo kwa Sony. Isipokuwa kama wewe tayari una lenzi za zamani za Canon za EF, ile 50mm f/1.8 au 70-200 uliyorithi kwa kaka yako, basi hesabu inabadilika kabisa, unanunua adapta ya EF kwenda R na lenzi zote zinafanya kazi na fokasi yake bila shida. Mtu wa namna hiyo asihamie Sony.

Namba tatu, na hii ndo ya kwanza kwa anayeanza kweli, Sony a6400. Ya 2019, APS-C, gramu 403 tu, tundu moja, haina stebilaiza ndani, lakini otofokasi yake bado inasumbua kamera mpya, ina kidirisha cha kuchungulia, ina sehemu ya kawaida ya kuchomeka flashi, na video inarekodi bila kukata mpaka kadi ijae au betri iishe. Ifunge Sigma 30mm f/1.4, baadaye ukipata kazi uongeze 16mm f/1.4 kwa vile vyumba vidogo vya kumpambia bibi harusi ambavyo watu kumi wamejaa na wewe umebanwa ukutani. Ukija kuhamia fuli fremu huko mbele flashi yako unaendelea nayo, kadi unaendelea nazo, menyu unazijua. Kwa picha za wateja studio, mahafali, bidhaa za maduka, picnic za Shangani, inatosha na inabaki.

Baada ya hapo Canon R7, ya 2022. Hii watu wanaisahau na sijui kwa nini, ni APS-C ya megapikseli 32.5 lakini ina kadi mbili, betri kubwa na stebilaiza, na ilitoka kwa dola 1,499 sawasawa na R8. Kwa anayepiga mpira, Namungo pale Majaliwa Ruangwa au mechi za Nangwanda Sijaona, mimi namwambia R7 bila kufikiria, maana senza ndogo inavuta karibu, lenzi ya 400mm inakuwa kama 640, na inapiga fremu 15 kwa sekunde kwa shata ya kimekanika. RF 100-400 ni nyepesi na kwa mechi ya jua la saa kumi inafanya kazi. Ya taa usiku hapana, hiyo lenzi inaishia f/8.

R8 yenyewe naiweka hapa kwa mtu anayepiga picha zake kwa mapenzi, anasafiri, magofu ya Kilwa Kisiwani, nyumba za zamani za Mikindani, hana mteja wa kumsubiri. Nyepesi na gizani inaona vizuri. Kwa kazi ya kulipwa, kadi moja na ile betri vinanitia wasiwasi.

Canon R50 ya 2023 ni nzuri mkononi, gramu 375 na betri yake, rahisi kujifunza, otofokasi ya kisasa, lakini kuna jambo muuzaji hatakuambia: pale juu pa flashi pamebadilishwa, hamna zile kontakti za kawaida, kwahiyo flashi yako ya Godox au ya Canon ya zamani haiwaki mpaka ununue adapta nyingine pembeni. Uliza kabla hujalipa. Sony ZV-E10 ni ya watu wa video tu, haina kidirisha cha jicho kabisa, na jua la saa saba mchana pale Msimbati skrini huioni, unapiga kwa kubahatisha. Canon R100 naiacha nje, skrini yake haiguswi wala haigeuki, 4K inakata upana, afadhali R50 au a6400 ya mtumba.

Na haya madude makubwa, Canon R5 ya megapikseli 45, Sony a1 ya 50, ni mazuri sana ila faili moja la RAW (picha ghafi kabla ya kuediti) linaweza kupita megabaiti 40, harusi moja ya picha elfu mbili piga hesabu mwenyewe, laptopu italia, hadi diski za kuhifadhia utahitaji mpya. Mteja wa huku anataka albamu na picha za simu, senza ya 24 inachapa albamu kubwa bila shida yoyote.

Jambo moja kwa wote, ya bei ndogo na ya bei kubwa: ukumbini kwenye taa za LED za rangi usitumie shata ya kimyakimya, picha inatoka na mistari mistari usoni kwa bibi harusi na huwezi kuiediti ikatoka. Rudisha shata ya kawaida hata kama inapiga kelele.

Ukienda kununua mtumba Kariakoo au ukimtuma mtu, kwanza awashe aingie kwenye menyu. Sony zilizouzwa kwa soko la Japani zina lugha ya Kijapani tu, hamna kubadilisha kwenye seti, na bei yake ndo inakuwa tamu kidogo, kwahiyo tamu hiyo ujue imetoka wapi. Aweke kadi kwenye matundu yote mawili moja moja, apige na afungue picha. Apige anga tupu kwa f/16 halafu akuze, madoa meusi yanayokaa palepale kila picha ni uchafu wa senza. Lenzi amulike na tochi ya simu kutokea nyuma, akiona nyuzi nyuzi kama za buibui hiyo ni kuvu, aiache hata kama wanamshushia bei, kwa unyevu wetu wa pwani kuvu haitulii, inaongezeka. Na apewe risiti ya EFD yenye namba ya bodi ileile iliyoandikwa chini ya kamera.

Ikishafika nyumbani usiilaze kwenye begi la ngozi kabatini. Tafuta ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka pakiti za silika jeli, kamera na lenzi zilale humo. Ukitoka chumba cha AC kwenda nje usifungue begi papo hapo, acha dakika kumi na tano mpaka ishike joto la nje, la sivyo lenzi inafunga ukungu na unapoanza kufutafuta bibi harusi keshaingia. Ukitoka ufukweni futa bodi kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi, kisha kikavu.

Mwenye uwezo wa kuchagua muda, anunue Agosti, baada ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, apate Septemba nzima kuzoea menyu kwenye mahafali za shule ambazo presha yake ni ndogo. Ukinunua Novemba katikati ya msimu kamera unajifunzia kwenye harusi ya mtu.