Nesi nyota tano, ofisi sifuri: uzoefu wangu na kituo cha tiba shufaa

Naanza na kilichoniudhi, maana nikianza na shukrani nitapoa, halafu nitaacha kuandika kama nilivyoacha mara mbili.

Ijumaa moja, mfungo ukiwa umekaribia, dawa ya maumivu ya mama ilikuwa inatuishia nyumbani. Simu za kituo, hao wanaotuliza maumivu ya mgonjwa asiyepona tena, hazikupokelewa, nikapanda bodaboda mpaka ofisini kwao. Dada wa mapokezi alikuwa na simu yake mkononi. Nikajieleza. Bila kuinua macho akaniuliza, "Kwani bado siku ngapi?"

Nikadhani anaulizia dawa. Nikamwambia imebaki ya jioni ya leo tu.

"Sio dawa. Mgonjwa. Daktari aliwaambia bado siku ngapi?"

Sikumjibu. Mimi ni mtu wa maneno, wanaonijua wanajua, lakini siku ile mdomo ulikauka. Kilichonijia kichwani ni kwamba huyu dada amekaa kwenye meza ambayo juu yake kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu, imeandikwa kwa rangi mbili kwamba wao wanamjali mgonjwa mpaka pumzi ya mwisho. Karatasi ile ilikuwa juu ya kichwa chake kabisa. Nikaisoma mara tatu nikimsubiri amalize anachoandika kwenye simu.

Jina la kituo silitaji, sitafuti kesi na mtu.

Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi mpaka kwenye vikoba vyake. Kisha ikarudi, na safari hiyo daktari akatuita pembeni mimi na mdogo wangu. Tukapewa barua ya kwenda kituo cha tiba shufaa kilicho upande wetu wa mji. Mdogo wangu aliposoma neno "shufaa" akaniuliza kama hao ni watu wa dua. Nami sikuwa najua zaidi yake. Baadaye ndiyo tukaelewa: ugonjwa wenyewe hawauondoi, wanashughulika na maumivu, vidonda, usingizi, hofu, na ninyi mnaouguza, na wanakufuata nyumbani. Hospitali imeshamaliza yake, wao ndio wanaanza.

Na hapa lazima niseme haki. Nesi waliyetuletea sijaona mfano wake. Siku ya kwanza alimwamkia mama, akavua viatu, akakaa naye kitandani. Sisi tulimwekea kiti, hakukigusa. Akamuuliza, "Bibi, katika yote haya, kinachokusumbua zaidi ni kipi?" Sisi wote tulijua jibu ni maumivu. Mama akasema, "Harufu."

Harufu ya ugonjwa wake, nyumba nzima tulikuwa tunajifanya hatuisikii. Tunachoma udi asubuhi na jioni, tunasema ni kwa ajili ya mbu. Yeye alikuwa anajua muda wote. Ndiyo maana alikuwa hataki dirisha lifunguliwe upande wa uani, na mashoga zake wakija anasema amelala. Nesi akatoa vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua vijidudu, akavisaga kwa mgongo wa kijiko, akamsafisha na kumwekea dawa mwenyewe, mimi nikiangalia. Akatuambia tujaze mkaa mkavu kwenye beseni, tulisukume chini ya kitanda, unavuta harufu. Mkaa! Tunauziwa kila siku hapo kwa jirani. Haikupita wiki, mama akaomba pazia livutwe, akauliza mbona Mama Zuhura siku hizi haji.

Ndiyo huyo nesi. Halafu dawa yenyewe. Morfini ya maji, ni unga unaochanganywa na maji, inakuja kwenye chupa ya plastiki, chungu kama shubiri. Unavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unamdondoshea mgonjwa pembeni ya shavu. Mama mdogo alipoisikia jina akapiga kelele, kwamba tunamfanya dada yake teja. Nesi hakumkasirikia. Alimweleza kwamba mwenye maumivu akipewa kipimo chake hageuki teja, dawa inakwenda kupigana na maumivu. Akatufundisha sheria ambayo nimeikariri kuliko namba yangu ya kitambulisho: inanyweshwa kwa saa, si kwa kilio. Humngoji alie. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku unampa maradufu ili alale mpaka alfajiri. Na dawa ya kulainisha choo kila siku, usisahau, maana morfini inafunga tumbo, utakuwa umemwondolea maumivu haya ukampa mengine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu wanayoyajua, wanayajua. Ndiyo maana hasira haiishi. Watu wanaojua kwamba dawa ni ya saa ndio hao hao wana ofisi inayotoa dawa Jumatatu na Alhamisi.

Hivi ndivyo tulivyofika kwenye hiyo Ijumaa. Wiki ile daktari wao alipandisha kipimo, maumivu yalikuwa yamepanda. Kikaandikwa kwenye daftari letu, vizuri kabisa, kwa wino wa buluu. Lakini chupa zilizotolewa zilikuwa za hesabu ya kipimo cha zamani. Hesabu ya darasa la tatu: ukiongeza mdomo, ongeza chakula. Mimi ndiye niliyegundua, saa nane mchana, nilipoinua chupa kwenye mwanga.

Kadi yao ina namba tatu na maneno "saa 24". Ya kwanza haipatikani. Ya pili akapokea kaka mmoja mpole kweli, akasema, "Dada, mimi nilikuwa dereva wao, nimeacha tangu mwaka jana, watu hawaachi kunipigia. Pole sana. Mgonjwa anaendeleaje?" Huyo, asiyelipwa hata shilingi, ndiye pekee aliyeniuliza hali ya mama siku ile. Ya tatu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Nimeipiga mara kumi na moja, simu yangu inatunza kumbukumbu hata kama wao hawatunzi.

Pale mapokezi, baada ya swali lake lile, dada akanipa maelezo. Kabati la morfini lina kufuli mbili, sawa, ni dawa ya kulindwa, naelewa. Funguo anazo mfamasia. Mfamasia ametoka mapema, ana sendoff ya mdogo wake. Naelewa pia, mdogo wa mtu anaolewa mara moja, tuombe hivyo. Nikamuuliza, hakuna mwenye funguo nyingine? Hakuna. Daktari? Hayupo. Basi naomba namba ya nesi wetu. "Haturuhusiwi kutoa namba za watumishi." Sasa nifanyeje? Hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza, akasema, "Mpeni Panadol mpaka Jumatatu, Jumatatu njoo mapema."

Panadol.

Usiku ule sitaueleza wote. Mdogo wangu alizunguka maduka ya dawa, akaambiwa hii haiuzwi dukani. Tukataka kumpeleka hospitali, mama akakataa kuinuliwa, akasema akitoka pale harudi. Tone la mwisho tulimpa saa kumi na mbili jioni. Kuanzia kama saa tano usiku hakusema neno lolote. Mama yangu alikuwa hataki majirani wamsikie. Alijifunika kanga mpaka puani, tukadhani ameanza kusinzia. Asubuhi naikunja ile kanga, pindo lina matundu. Manne, yamepangana. Nimeiweka, sijaifua.

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, si siku yake ya kazi, nesi akaingia mlangoni na mfuko wa rambo. Ndani mna chupa mbili. Amekuja kwa daladala, pikipiki ya kituo haina mafuta. Kumbe mlinzi wa getini, mzee wa watu, alinisikia nikibishana mapokezi, jioni akampigia nesi kwa salio lake. Nesi simu yake ilikuwa imezima chaji, akauona ujumbe alfajiri. Akampigia mfamasia. Mfamasia, ambaye alilala saa tisa usiku kwa sababu ya hiyo sendoff, akaamka akaja kufungua. Daktari akaja akasaini. Hakuna aliyekataa. Hakuna hata aliyenung'unika.

Nilifurahi kwa dakika kama kumi, mpaka mama alipolegea uso. Kisha nikakasirika kuliko jana yake. Kwa hiyo inawezekana! Simu moja, watu watatu, dawa ikatoka. Kilichokosekana Ijumaa ni mtu mmoja kwenye lile jengo kuona kwamba hilo jambo linamhusu. Nesi akaniuliza, "Dada, kwa nini hukunipigia?" Nikamwambia wamesema hairuhusiwi. Akanyamaza, akachukua daftari la dawa, akaandika namba yake ndani ya jalada, akaipigia mstari mara mbili.

Binamu yangu anaishi Kampala, nilipomsimulia akaniambia Uganda tangu 2004 nesi aliyesomea kazi hii anaruhusiwa kisheria kuandika morfini mwenyewe. Kule ndiko Dk. Anne Merriman alikoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kwenye kituo chetu bila sahihi ya daktari chupa haitoki. Nikawaza, nesi wetu angekuwa kule angekuwa ameandika zamani. Ingawa na kalamu nayo haifungui kabati.

Mdogo wangu ananiambia niache, huduma ni ya bure, ya bure haisemwi vibaya. Kwanza si ya bure kihivyo: kila alipokuja mtu tulitia elfu kumi kwenye bahasha ya mchango wa hiari, na tulitia kwa moyo. Pili, hata ingekuwa bure kabisa, mama hakuuma kanga bure.

Basi nilikata shauri kuandika kwamba msiende. Kabisa. Kichwa cha habari nilikuwa nimeshakiandika.

Lakini niseme na haya. Baada ya ile Jumamosi dawa haikuisha tena, nesi alikuwa anahesabu chupa yeye mwenyewe kabla hajatoka, anazipanga dirishani, anazigusa moja moja kwa kidole. Mama aliishi wiki nyingine kadhaa. Alikaa kibarazani. Aligombana na mama mdogo kuhusu nani arithi vyombo vya shaba, ugomvi mzito, mpaka tukacheka. Alimuuliza mjukuu wake kama alishachomwa ile chanjo ya shuleni ya saratani ya mlango wa kizazi, akaambiwa ndiyo, akasema haya. Alifariki alfajiri ya Jumapili, kalala, uso hauna mikunjo. Ningempeleka wapi pengine akapata hayo? Sina jibu. Wiki ile ya mwisho nisingeibadilisha na chochote, na Ijumaa ile nisingemtakia hata dada wa mapokezi. Au labda yeye ningemtakia nusu saa tu. Astaghfirullah.

Kwa hiyo sijui niwape nyota ngapi. Ukipata yule nesi, nenda. Ukimpata mwingine, sijui. Ila kabla hujajiandikisha popote, acha kuulizia godoro na kiti cha magurudumu kama tulivyofanya sisi. Uliza Jumamosi usiku funguo za kabati analala nazo nani, na omba ile namba ya kwenye kadi uipige ukiwa umesimama hapohapo mbele yao, usikie inalia wapi.

Hitma ya siku ya tatu nesi alikuja. Alikaa nyuma kabisa kwenye mkeka na wanawake wa mtaani, akala pilau, akaosha sahani zake na za wengine, akaondoka bila kuaga watu wengi. Hakuzungumza habari za kazi hata kidogo.

Siku ya nne simu yangu ikaita. Naangalia, namba naijua. Ile ya tatu ya kwenye kadi. Ni sauti ya yule dada. Hakusema pole. Alisema wanakumbushia godoro la hewa na chupa zilizobaki na dawa, zirudishwe ofisini, na kwamba dawa hiyo hairuhusiwi kukaa nyumbani kwa watu. Hilo la dawa ana haki, nesi alishatuambia, na chupa alizichukua yeye mwenyewe kwa kuandikiana.

Godoro lipo. Nimelitoa hewa, nimelifuta kwa dettol, nimelikunja, lipo nyuma ya mlango. Mgonjwa mwingine analihitaji, najua, na nitalipeleka mwenyewe wiki hii. Lakini wakiwa na haraka nalo wanipigie. Mimi yangu napokea.