Boxer 150 kwa Safari ya Vipande: Dar, Moro, Iringa

Habari zenu wadau. Leo tunaichambua Bajaj Boxer 150, ila siyo kwa kazi ya bodaboda. Tunaangalia kama inafaa kuzungukia nchi vipande vipande: unafika mji fulani, unaiacha hapo, unarudi nyumbani na basi, mwezi ujao unaendelea ulipoishia.

Inafaa, na sababu kubwa ni vipuri. Waya wa klachi ukikukatikia Mikumi mjini au Makambako, dukani upo, na fundi anaufunga huku mnapiga stori. Pikipiki kubwa ina raha zaidi kwenye lami, lakini kipuri chake utakisubiri kutoka Dar.

Tangi linaingia lita 11 hivi. Ukiwa na mzigo, piga hesabu ya kilomita 40 kwa lita. Dar hadi Moro, kama kilomita 190, haikusumbui. Moro hadi Iringa ni zaidi ya 300, kwa hiyo jaza Moro na usiitegemee risavu. Humo kuna kilomita 50 hivi ndani ya Hifadhi ya Mikumi, tembo na twiga wanavuka. Pita mchana, basi.

Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa, ni habari nyingine. Kupanda, shusha gia mapema, usingoje injini ianze kugonga. Kushuka ndiko kubaya zaidi: tumia gia ileile uliyopandia, kwa sababu breki ya ngoma ukiikanyaga mfululizo inapata moto na inaacha kushika. Ukifika juu ukaona nguvu imepungua, usikimbilie kubadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Iringa iko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi.

Sasa kuegesha, maana safari za namna hii huharibikia hapo kuliko barabarani. Kama itakaa zaidi ya wiki mbili, jaza tangi mpaka juu, tangi tupu linashika kutu kwa ndani. Funga koki, kisha legeza skrubu iliyo chini ya kabureta petroli yote imwagike. Ikikaukia mle inaacha utando kama gundi na kuziba jeti ya silensa, ile inayolisha injini ikiunguruma bila kupewa moto. Ukirudi itawaka kwa choki tu, ukiitoa inazima. Chomoa waya hasi wa betri. Paka cheni oili. Tumia stendi ya kati, siyo ya pembeni. Na kadi ya pikipiki ondoka nayo!

Siku ya kuendelea, kagua upepo, oili, na mchezo wa cheni uwe sentimita 2 hadi 3. Kaza nati za keria, mtikisiko huzilegeza na begi zima huanza kucheza.

Udhaifu? Ukizidi kasi ya 80 kwa muda mrefu, mtetemo unatia ganzi viganja. Na kama unataka kubeba abiria pamoja na mabegi mpaka Mbeya, hii haikufai, shokomzoba za nyuma zitagonga kila tuta.